Una motahomu mpya Uingereza? Hivi ndivyo unavyochagua klabu ya kambi bila kupoteza hela

Gari lina kitanda, jiko, choo na tanki la maji. Bima umelipa, kodi ya barabara umelipa, na watoto wameshagombania nani atalala juu. Limebaki swali moja ambalo muuzaji hakuligusa: usiku utaliegesha wapi?

Uingereza ina klabu za kambi zenye umri wa zaidi ya miaka 100, na ukishakuwa na motahomu (hili gari lenye nyumba ndani yake) kila mtu atakuambia ujiunge. Shida ni kwamba mmoja atakutajia klabu hii, mwingine ile, na wa tatu atasema zote ni kupoteza pesa.

Kama wewe ni Mwafrika Mashariki unayeishi Leicester, Reading au Glasgow, na hukukulia kwenye maisha ya kulala kambini, majina haya hayakwambii kitu. Tumekuandalia maelezo ya klabu zilizopo, zinachokupa, na jinsi ya kupiga hesabu kabla ya kutoa kadi ya benki.

Kwa ufupi

- Klabu kubwa ni mbili: Caravan and Motorhome Club, na Camping and Caravanning Club. Majina yanafanana, klabu ni tofauti.
- Faida kubwa kuliko zote ni vikambi vidogo vya magari matano, ambavyo wasio wanachama hawaruhusiwi kulala.
- Ukilala nje usiku mmoja au miwili tu kwa mwaka, huenda huhitaji klabu yoyote.
- Chagua kwa ramani ya sehemu unazotaka kwenda. Zawadi za kujiunga zisikuvute.

Kwani huwezi kuegesha popote?

Hapana, na hapa ndipo wengi hushtuka.

Katika England na Wales huna haki ya kulala ndani ya motahomu kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa yake. Ukiegesha pembeni ya barabara usiku unaweza kugongewa dirisha na kuambiwa usogee. Maegesho mengi ya halmashauri yana kibao kinachokataza kulala ndani ya gari. Vituo vya kupumzikia kwenye barabara kuu hukupa saa 2 bure, ukikaa zaidi unalipa, na usingizi wenyewe ni wa kelele za malori.

Scotland je? Utasikia watu wakisema kule ni huru. Ni kweli sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inawapa watu haki pana ya kutembea na kupiga hema kwa utaratibu, lakini haki hiyo haihusu vyombo vya moto. Mwenye hema anaruhusiwa, mwenye motahomu hayumo.

Kwa hiyo unahitaji kambi. Na kambi za kibiashara wakati wa likizo za shule, hasa Cornwall au Lake District, zinaweza kukutoza kwa usiku mmoja pesa ambayo ungelipa kwenye hoteli ya kawaida.

Siri iko kwenye sheria ya magari matano

Ukielewa sehemu hii, mengine yote yatakuwa rahisi.

Sheria ya mwaka 1960 inayosimamia kambi za karavani inamtaka mwenye ardhi awe na kibali cha mipango na leseni ndipo afungue kambi. Lakini inatoa msamaha kwa vyama vinavyotambuliwa rasmi. Chama chenye msamaha kinaweza kumpa mkulima cheti, na yeye akapokea karavani au motahomu zisizozidi 5 kwa wakati mmoja bila kupitia mlolongo wote ule. Sharti ni kwamba wanaolala pale wawe wanachama wa chama hicho, na gari lolote lisikae zaidi ya siku 28.

Caravan and Motorhome Club inaviita vikambi vyake CL. Camping and Caravanning Club inaviita CS, na vya kwao vinaweza pia kupokea mahema hadi 10 kama nafasi ipo.

Usitegemee bwawa la kuogelea. Mara nyingi ni kona ya shamba yenye bomba la maji, sehemu ya kumwaga choo cha kaseti na pipa la taka. Baadhi vina umeme, vichache vina bafu. Lakini bei yake kwa kawaida iko chini sana kuliko kambi kubwa. Mko magari matano tu, asubuhi unaamshwa na kondoo, na mwenye shamba anaweza kukuuzia mayai.

Unaposoma kwamba klabu ina maeneo zaidi ya 2,000, ujue sehemu kubwa ya hayo ni vikambi vya aina hii. Kadi ya uanachama ndiyo ufunguo wake.

Klabu mbili kubwa, tofauti yake ni nini?

*Camping and Caravanning Club*

Ndiyo kongwe zaidi. Ilianza mwaka 1901, wakati fundi cherehani Thomas Hiram Holding na wenzake walipokuwa wakipanda baiskeli na kubeba mahema mepesi. Kambi yao ya kwanza ilifanyika Wantage, na walikuwa watu sita tu. Baadaye Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwahi kuwa rais wake. Ndiyo, ni yule yule ambaye kaburi lake liko Nyeri, Kenya.

Asili hiyo ya mahema bado inaonekana. Kambi zake hupokea mahema, magari madogo ya kulala, karavani na motahomu kwa pamoja. Ina vikundi vya mikoa na vikundi vya watu wenye hobi moja: kupiga picha, kupanda milima, mitumbwi, na kipo kikundi cha wenye motahomu. Vijana nao wana kitengo chao. Makao makuu yako Coventry. Ina kambi kubwa takriban 100 na CS zaidi ya 1,000.

*Caravan and Motorhome Club*

Ilianzishwa mwaka 1907 na watu 11 waliopenda karavani za kukokotwa na farasi. Kwa miaka mingi ilijulikana kama Caravan Club tu. Neno motahomu liliingizwa kwenye jina mwaka 2017, ishara kwamba wenye magari kama lako wameongezeka na klabu ilitaka wajione wamo.

Makao makuu yako East Grinstead, kusini mwa England. Ina kambi kubwa zinazokaribia 200 na CL zaidi ya 2,000. Sifa yake ni usafi na utaratibu: nyasi zimekatwa, nafasi nyingi zina sakafu ya kokoto ngumu, na mabafu yanang'aa. Wapo wanaopenda hivyo na wapo wanaosema ni kama kulala bwenini chini ya mkuu wa nidhamu. Kama kaka yako anataka kuja na hema asimame pembeni yako, uliza kwanza, maana si kambi zake zote zinazopokea mahema.

Na klabu ndogo?

Zipo, usizidharau.

Motor Caravanners' Club ilianza mwaka 1960, na ni ya wenye motahomu na magari ya kulala pekee. Nguvu yake iko kwenye mikusanyiko ya wikendi. Wanachama hukodi uwanja wa shule, wa raga au wa shamba, wanakusanyika, wanalala kwa bei ndogo, Jumapili wanaondoka. Kama unahisi upweke ughaibuni, hii ni njia rahisi ya kupata watu wa kukaa nao nje jioni.

Kuna pia klabu za wamiliki wa chapa moja ya gari, mfano Auto-Trail Owners Club. Hizi hazikupi ramani kubwa ya kambi, ila zinakupa kitu kingine: watu wanaolijua gari lako kiungo kwa kiungo. Unyevu unaingilia wapi, pampu gani hufa kwanza, fundi yupi ni mwaminifu. Kwa aliyenunua gari la miaka 12, ushauri huo una thamani kuliko punguzo la kambi.

Tupige hesabu

Ada ya kila moja ya zile klabu mbili kubwa imekuwa katika pauni hamsini na kitu hadi sitini na kitu kwa mwaka, na hupanda mara kwa mara. Angalia bei ya siku unayojiunga. Kwa kawaida uanachama unamhusu pia mwenzi wako mnayeishi anwani moja, kwa hiyo msilipe mara mbili.

Sasa tuchukue mfano. Namba hizi ni za kupigia hesabu tu, weka zako.

Tuseme ada ni pauni 60. Asiye mwanachama akilala kambi kubwa ya klabu anaongezewa pauni 12 kila usiku. Hapo usiku 5 unarudisha ada yako. Ukilala usiku 3 tu kwa mwaka, nyongeza ni pauni 36. Usijiunge, lipa kama mgeni.

Sasa tuseme unataka vikambi vidogo. Kambi kubwa ni pauni 40 kwa usiku, kikambi cha shamba ni pauni 18. Unaokoa 22. Usiku 3 ni pauni 66, ada imeshajilipa.

Familia inayotoka wikendi moja kila mwezi kuanzia Aprili hadi Septemba, usiku 2 kila wikendi, tayari ina usiku 12. Ongeza wiki moja ya Agosti, unafika 19. Usiku 10 kati ya hizo zikiwa za shambani, umeokoa pauni 220. Toa ada ya 60, mfukoni imebaki 160. Hiyo ni dizeli.

Na kujiunga na zote mbili? Wapo wengi wenye kadi mbili. Lakini kwa mwaka wa kwanza, anza na moja. Utajua mwenyewe kama unakwama kwa kukosa ya pili.

Maswali 6 ya kujiuliza kabla ya kulipa

1. Unataka kwenda wapi hasa?

Andika sehemu 10 ambazo familia yako inataka kuziona mwaka huu. Fungua ramani za tovuti za klabu zote mbili kwenye simu, na uhesabu ipi ina kambi karibu. Kama ndoto yako ni York, Caravan and Motorhome Club ina kambi ya Rowntree Park, unatembea kwa mguu hadi mjini. Kama ni maziwa na milima, Camping and Caravanning Club ina kambi Keswick, ukingoni mwa ziwa Derwentwater. Sehemu kama hizi hujaa mapema, kwa hiyo ukizitaka usisubiri wiki ya likizo.

2. Ukifika, utatembeaje?

Hili huwapiga chenga wageni. Mwenye karavani anaiacha kambini na kwenda mjini na gari dogo. Wewe ukitaka maziwa, unafunga makabati, unachomoa umeme, unashusha kila kitu na kuondoka na nyumba nzima. Halafu unatafuta maegesho ya gari la mita 7.

Kwa hiyo mwenye motahomu anahitaji kambi iliyo karibu na basi, treni, duka au njia ya baiskeli. Kikambi kizuri kilichojificha maili 6 kutoka kijiji kinaweza kuwa jela ya siku tatu. Soma maelezo ya kila kambi kwa jicho hilo.

3. Ardhi ni ngumu?

Motahomu ya tani 3.5 kwenye nyasi zilizolowa ni trekta la bure kwa mkulima. Magari mengi ya aina hii huendeshwa na magurudumu ya mbele, na uzito mkubwa uko nyuma. Mvua ikinyesha, tairi zinazunguka tu. Piga simu, uliza: "Mna sakafu ya kokoto? Lango lina upana gani?" Wenye vikambi vidogo hupenda kuulizwa, maana wao ndio hutoka na kamba usiku.

4. Mnatembea na watoto?

Baadhi ya vikambi vidogo hupokea watu wazima tu. Kambi kubwa nyingi zina uwanja wa kuchezea. Angalia pia namna ya kutoza: bei ya nafasi inaweza kuonekana ndogo, ukiongeza kila mtu mzima na kila mtoto inakuwa nyingine. Linganisha jumla ya familia nzima, usilinganishe bei ya kwanza unayoiona kwenye skrini.

5. Unahama kila siku au unakaa?

Wenye motahomu wengi hulala usiku mmoja, kesho safari. Angalia kama kambi inakubali usiku mmoja wikendi, kama ina sehemu ya kupita juu na kumwaga maji machafu, na ukighairi utarudishiwa nini. Masharti ya kughairi hubadilika, yasome kila unapoweka nafasi.

6. Unataka watu au unataka utulivu?

Kuna anayetaka kukaa peke yake na chai yake akitazama bonde. Huyo vikambi vidogo vinamtosha. Kuna anayetaka nyama choma na soga. Huyo aangalie vikundi vya mikoa na mikusanyiko ya wikendi.

Faida ambazo watu husahau kuzitumia

*Mafunzo.* Klabu zote mbili kubwa huendesha kozi za kuendesha na kurudisha nyuma magari makubwa. Kama umezoea gari dogo, siku moja ya kujifunza kutumia vioo vya pembeni ni nafuu kuliko kona ya gari iliyobonyea.

*Ushauri wa kiufundi.* Unaweza kuuliza kuhusu gesi, betri, tairi na uzito. Uzito hasa. Ukijaza tanki la lita 100, umeongeza kilo 100. Ongeza watu watano, baiskeli, gunia la mkaa na sufuria za pilau, na gari la kilo 3,500 limeshapita kipimo. Faini ni yako, na bima inaweza kuleta maneno.

*Kukwamuliwa barabarani.* Bima nyingi za kawaida za kukwamuliwa hukataa magari yanayozidi urefu au uzito fulani. Caravan and Motorhome Club ina mpango uitwao Mayday, na wenzao wana Arrival unaohudumiwa na RAC. Hizi unalipia pembeni, haziko ndani ya ada. Hata kama hutanunua, soma karatasi za bima uliyonayo. Usije ukagundua kasoro saa 5 usiku kwenye barabara ya M6.

*Bima ya gari.* Klabu zitakuuzia. Linganisha na wengine, sababu kuwa mwanachama hakufanyi upate bei ya chini moja kwa moja.

Leseni: angalia kabla ya klabu

Kama ulifanya mtihani wa udereva Uingereza kuanzia tarehe 1 Januari 1997, leseni yako ya kawaida ya gari dogo inakuruhusu motahomu ya dizeli au petroli hadi kilo 3,500. Zaidi ya hapo, hadi kilo 7,500, unahitaji daraja la C1. Waliofaulu kabla ya tarehe hiyo kwa kawaida wanalo tayari, mpaka wafike miaka 70. Ndiyo maana mzee Mwingereza wa kambi ya jirani anaendesha dude kubwa na wewe muuzaji akakuonyesha dogo.

Na kama bado unatumia leseni ya Kenya au Tanzania, mkazi mpya ana miezi 12 tu ya kuitumia. Baada ya hapo lazima uwe na ya Uingereza.

Mnapanga kuvuka kwenda Ufaransa?

Klabu kubwa zitakupangia feri, kambi za Ulaya na bima ya safari, na hilo linaokoa muda. Kitu ambacho hazitakufanyia ni viza. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza. Baba ana pasipoti ya Uingereza, mama bado ana ya Tanzania? Feri itamwacha mama.

Jamhuri ya Ireland nayo ina viza yake. Ukiwa kambini Ireland ya Kaskazini, mpaka hauna geti wala askari. Unaweza kuuvuka ukifuata ramani ya simu bila kujua, na kisheria ukawa umeingia nchi nyingine bila ruhusa.

Wenye pasipoti ya Uingereza wanaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180.

Habari njema ni kwamba Ufaransa ina maeneo mengi ya halmashauri ya kulaza motahomu, mengine bure, na hayahitaji klabu. Kuna pia France Passion: unalipia uanachama wa mwaka, na wakulima wa zabibu, jibini na asali wanakulaza usiku mmoja bila malipo. Kama mpango wako mkubwa ni Ufaransa, klabu ya Uingereza inaweza kusubiri.

"Lakini kule si tutakuwa Waafrika peke yetu?"

Swali hili watu huliuliza kwa sauti ya chini, na ni halali. Nenda kambi ya klabu katikati ya wiki, mwezi wa Mei, na utakuta wengi ni wastaafu Wazungu. Kuna uwezekano mkubwa nyinyi ndio familia pekee inayopika ugali.

Kinachosaidia ni kujua adabu za kule, maana manung'uniko mengi kambini hutokana na kanuni. Muziki chini. Usiku kimya, mara nyingi kuanzia saa 4 au 5. Usikatize katikati ya nafasi ya mtu, zunguka. Jiko la mkaa liwe juu, lisiunguze nyasi. Wageni wa mchana waandikishwe kwa msimamizi. Hilo la mwisho tuliseme mara mbili, sababu sisi wageni wetu huja watano wakitarajiwa wawili.

Ukizijua hizo, utashangaa. Kambini watu husalimiana. Ukihangaika kuchomeka umeme atatokea mtu na kukuonyesha bila kuombwa. Ikitokea umetendewa vibaya, una haki: klabu ina utaratibu wa malalamiko, na sheria ya usawa ya mwaka 2010 inazihusu klabu pia.

Kama bado una wasiwasi, jaribu kambi kubwa moja kama mgeni kwa usiku mmoja kabla ya kujiunga. Zile pauni chache za nyongeza ni bei ya kujua kama hewa ya pale inakufaa.

Unaweza kuishi bila klabu?

Ndiyo. Tangu Julai 2023, sheria za mipango za England zinaruhusu wenye ardhi kufungua kambi za muda hadi siku 60 kwa mwaka, kwa mahema na motahomu, nafasi zisizozidi 50. Mashamba mengi hufungua hizi wakati wa kiangazi, na yeyote anaweza kulala. Kuna baa za vijijini zinazokuruhusu kuegesha ukila kwao. Programu kama Park4Night zitakuonyesha sehemu, ila thibitisha ruhusa kabla ya kuvuta pazia.

Tatizo ni majira. Kambi za muda huonekana sana Julai na Agosti. Ukitaka kutoka Februari, zilizo wazi mwaka mzima nyingi ni za klabu au za kibiashara.

Basi, wewe ni yupi?

- Wawili, hamna watoto, mnapenda utulivu na kuhamahama: Caravan and Motorhome Club inawafaa, kwa wingi wa CL.
- Familia yenye watoto, na ndugu wanaokuja na mahema: Anza na Camping and Caravanning Club.
- Uko peke yako na unataka watu: Motor Caravanners' Club, au kikundi cha wenye motahomu ndani ya klabu kubwa.
- Gari la zamani linalokusumbua: Klabu ya wamiliki wa chapa yako, halafu ongeza moja kubwa mambo yakitulia.
- Unatoka mara moja kwa mwaka: Usijiunge. Lipa kama mgeni.
- Nusu ya safari zako ni Ufaransa: France Passion kwanza, baada ya suala la viza.

Ukishachagua, usilipe leo kama motahomu bado iko kwa fundi. Mwaka wa uanachama huanza kuhesabiwa siku unayojiunga, siyo siku unayolala. Subiri hadi safari ya kwanza iwe na tarehe, na wiki hiyo ndiyo ulipie.